Treni kubwa za mfano: vipuri vya bei chee mtandaoni, vipi ununue na vipi uviache

Treni kubwa ya mfano, ile ya kukimbia bustanini na si juu ya meza, ni mchezo wa hela. Kichwa kipya cha treni kutoka kampuni yenye jina huuzwa kwa mamia ya dola, na chenye sauti na moshi kinaweza kupita dola elfu moja. Ndiyo maana wapenzi wengi wa Ujerumani, Uingereza na Marekani hununua za mtumba, halafu wanaziboresha wenyewe kwa vipuri vidogo vya AliExpress, eBay na Amazon.

Na inawezekana kabisa. Taa, magurudumu, sauti, hata kuiendesha kwa simu: vyote vinapatikana kwa bei chee. Shida ni kwamba kipuri cha dola mbili kinaweza kupiga shoti na kuua treni ya miaka 40 iliyokuwa nzima, na betri feki inaweza kuunguza zaidi ya treni.

"G" ni nini hasa?

Treni hizi hujulikana kama skeli ya G. Zilishika soko mwaka 1968, pale kampuni ya Ernst Paul Lehmann ya Nürnberg, Ujerumani, ilipotoa LGB, yaani Lehmann-Groß-Bahn. Reli zake ni za shaba ya njano, zina nafasi ya milimita 45 kati ya reli na reli, na zilitengenezwa zikae nje, mvua inyeshe au jua liwake.

Uwiano wa LGB ni 1:22.5. Zidisha 45 kwa 22.5, unapata milimita 1,012, karibu mita moja. Kwa hiyo reli hizi zinaiga reli ya upana wa mita moja, na hiyo msomaji wa Afrika Mashariki anaijua vizuri: ndiyo reli ya zamani iliyotoka Mombasa kwenda Uganda, na ndiyo Reli ya Kati ya Tanzania kabla ya SGR. Mtu akitaka kuunda Garratt ya daraja la 59, zile injini za mvuke zenye majina ya milima zilizokuwa zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, urefu wake wa karibu mita 32 unakuwa mita 1.4 kwenye uwiano huu. Sebule haitoshi.

Mtego uko hapa. Kampuni nyingine zilitumia reli hizo hizo za milimita 45 kwa uwiano tofauti. Kuna 1:20.3, unaoiga reli nyembamba za Marekani za futi 3. Kuna 1:24. Kuna 1:29, ambao USA Trains wanautumia sana. Kuna 1:32, ambao ndio sahihi kwa reli pana kama SGR. Zote zinaitwa "G" kwenye matangazo ya mtandaoni.

Mtu wa sentimita 170 anakuwa na urefu wa milimita 76 kwenye 1:22.5, lakini milimita 53 tu kwenye 1:32. Mweke abiria wa pili kwenye behewa la kwanza, ataonekana mtoto wa chekechea. Kwa hiyo neno "G" kwenye tangazo halisaidii kitu. Kinachosaidia ni vipimo vya milimita, na kifaa cha kwanza cha kununua ni vernia kalipa. Ya plastiki inatosha.

Magurudumu kwanza

Ukiuliza wazoefu nini kibadilishwe mwanzo kwenye behewa la mtumba, wengi hawataji taa. Wanataja magurudumu. Mabehewa mengi ya bei nafuu hutoka kiwandani na magurudumu ya plastiki. Ni mepesi, hivyo behewa linaruka kwenye maungio ya reli, na yanaacha uchafu mweusi juu ya reli unaozuia umeme.

Magurudumu ya chuma yanaleta uzito pale unapotakiwa, chini kabisa. Behewa linatulia, linapita kona bila kuanguka, na mlio wake kwenye maungio unakuwa wa treni kweli. Kwa hela ndogo, hakuna badiliko linaloonekana haraka kama hili.

Lakini cheki mambo matatu kabla ya kulipa.

La kwanza ni kipenyo. Magurudumu mengi ya mabehewa haya yako karibu na milimita 30, ila yapo ya milimita 24 hivi, hasa chini ya mabehewa ya mizigo ya Kimarekani. Ukikosea, behewa linapanda au linashuka na viungio vyake havikutani na vya jirani.

La pili ni urefu wa ekseli, kutoka ncha hadi ncha. Kampuni zinatofautiana. Ekseli ndefu kwa milimita moja tu inabana kwenye fremu na behewa linakuwa zito kama limefungwa breki. Fupi, inachomoka.

La tatu ndilo la kuogopa. Katika treni hizi reli moja ni chanya na ya pili ni hasi. Gurudumu la kulia na la kushoto hayatakiwi kuunganika kiumeme. Ndiyo maana seti nzuri ya chuma ina kipande cha plastiki kinachotenga gurudumu moja na ekseli. Baadhi ya magurudumu ya bei chee hutengenezwa kwa ajili ya midoli ya betri na hayana kitu hicho. Ukiyaweka kwenye reli yenye umeme, ni shoti moja kwa moja. Weka multimita kwenye mlio, gusa gurudumu moja kwa kila ncha. Ikilia, usiweke relini.

Kipimo kingine kinachosahaulika ni nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili: iwe milimita 40 hivi. Ikiwa finyu, behewa litapita reli iliyonyooka bila tatizo, kisha lianguke kila likifika kwenye njia panda.

Taa: hesabu ya rezista moja

Taa za LED ndiyo kipuri kinachonunuliwa zaidi, na kinachoungua zaidi. Pakiti ya LED mia moja za milimita 3 inapatikana kwa hela ya soda kadhaa. Chagua "nyeupe ya joto", ile yenye unjano. Nyeupe ya baridi inaifanya treni ya mvuke ya zamani ionekane kama duka la simu.

LED nyeupe inahitaji volti 3 hivi. Reli za treni hizi zinabeba hadi volti 24 kasi ikiwa juu kabisa. Ukiunganisha moja kwa moja, LED inawaka mara moja tu, ya kwanza na ya mwisho. Lazima rezista ikae katikati.

Hesabu yake si ngumu. Volti 24 toa 3, inabaki 21. LED za kisasa zinang'aa vya kutosha kwa miliampia 10, yaani 0.01 ya ampea. Gawa 21 kwa 0.01, unapata omu 2,100. Rezista ya kilo-omu 2.2 ndiyo ya karibu. Wengine huweka kubwa zaidi, ya 3.3, na mwanga bado unatosha.

Watu wanaishia hapo, na hapo ndipo plastiki inapoyeyuka. Volti 21 mara ampea 0.01 ni wati 0.21, na rezista ndogo za kawaida zinavumilia robo wati, yaani 0.25. Inapona, lakini inapata moto. Ikiwa imebanwa kwenye ukuta wa behewa, itaacha alama. Nunua za nusu wati, bei ni karibu ile ile, na uiache ining'inie hewani.

Kwenye mfumo wa zamani wa kuzungusha swichi, treni ikirudi nyuma umeme unageuka: chanya inakuwa hasi. LED ya mbele ikizimika wakati wa kurudi nyuma ni sawa, hata inapendeza. Taa za ndani ya behewa zikizimika, inaudhi. Hapo unahitaji daraja la daiodi, kipande kidogo cha miguu minne kinachohakikisha LED inapata chanya upande ule ule siku zote.

Ukiongeza kapasita baada ya daraja hilo, taa zinaacha kupepesa treni ikipita kwenye reli chafu. Ila soma volti iliyoandikwa ubavuni. Kapasita ya volti 25 kwenye reli ya volti 24 iko ukingoni mno. Chukua ya 35 au zaidi. Na usigeuze miguu yake, maana inapasuka kwa kishindo.

Kwa behewa refu la abiria, njia fasta ni mkanda wa LED wa volti 12, ule wa kupamba makabati. Unakatwa kila baada ya taa tatu, tayari una rezista ndani, na gundi iko nyuma. Utahitaji kibodi cha kushusha volti, kama kile chenye chipu ya LM2596, ambacho kwa maelezo ya mtengenezaji kinapokea hadi volti 40. Zungusha skrubu yake mpaka multimita isome 12, ndipo uunganishe mkanda. Wapo wanaofanya kinyume chake, na mkanda unaungua wakiutazama.

Sauti kwa bei ya chakula cha mchana

Mfumo wa sauti wa kiwandani ni ghali. Mbadala maarufu ni DFPlayer Mini, kibodi kidogo kuliko stempu kubwa kinachosoma kadi ya microSD na kupiga MP3. Kinatumia volti 5, kwa hiyo kile kibodi cha kushusha volti kinahitajika tena. Rekodi ya mvuke iwe inajirudia, honi iwe faili la pili.

Honi inapigwaje? Kwa swichi ya sumaku iliyofichwa chini ya injini. Bandika sumaku ndogo kati ya mataruma kabla ya daraja au stesheni, na kila injini ikipita juu yake, inapiga honi yenyewe. Mbinu hii LGB wenyewe wameitumia miaka mingi.

Spika ndogo ikining'inia peke yake inalia kama redio mbovu. Izibe kwa nyuma kwenye kikopo cha plastiki cha dawa, utashangaa. Na ikiwa nyumbani kuna watoto wadogo, hizo sumaku zibanwe kwa gundi ngumu: mtoto akimeza mbili zinaweza kubana utumbo, na hiyo ni safari ya hospitali.

Betri: hapa usitafute bei chee

Watu wengi wa bustani wamechoka kusafisha reli. Wanaondoa umeme relini kabisa, wanaweka betri ndani ya treni na rimoti. Ni uamuzi mzuri. Treni inapita juu ya majani na vumbi bila kusita.

Betri zinazotumika sana ni za lithiamu za saizi ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu 65. Nne zikipangwa mfululizo zinatoa volti 14.8, na zikijaa 16.8. Na mtandaoni zimejaa feki.

Namna ya kuzijua ni kusoma uwezo ulioandikwa. Betri halisi za saizi hii kwa kawaida huwa kati ya mAh 2,000 na 3,600. Ukikuta imeandikwa 6,000 au 9,900, si ofa, ni uongo. Zipime pia kwa mizani ya jikoni: halisi huwa na gramu 45 hivi, na iliyo nyepesi sana ina kitu kidogo ndani kilichovalishwa ganda kubwa. Betri kama hizo zinapata moto zikivutwa na mota, na lithiamu ikishawaka haizimiki kirahisi.

Pakiti yoyote iwe na bodi ya ulinzi, inayozuia betri kujazwa kupita kiasi, kukaushwa, na kupigwa shoti. Chaja iwe ya lithiamu ya volti 16.8 kwa betri nne. Chaja ya laptopu yenye volti 19 inaingia kwenye tundu vizuri tu, na ndiyo inayoleta maafa. Usichaji usiku watu wamelala.

Kuna njia ya mkato ambayo mafundi wengi wameikubali: betri ya drili. Kama nyumbani kuna drili ya volti 18 ya kampuni inayoeleweka, betri yake na chaja yake tayari ni salama na zimelipiwa. Mtandaoni unanunua kile kikalio cha plastiki chenye waya mbili tu, na betri inakaa kwenye behewa la nyuma ya injini. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya betri hizo zinategemea drili yenyewe kujizima chaji ikiisha. Kwenye treni hakuna wa kuzima, hivyo ongeza kibodi cha kukata umeme volti ikishuka.

Simu kuwa rimoti

Mfumo wa kidijitali unaoitwa DCC unaruhusu treni kadhaa kukimbia kwenye reli moja, kila moja kwa kasi yake. Kituo chake cha kuamrisha kutoka kampuni kubwa ni ghali, lakini upo mradi wa bure uitwao DCC-EX, unaotumia bodi ya Arduino. Ukiongeza Wi-Fi, simu ya Android yenye programu ya Engine Driver inakuwa usukani.

Wanaochemka hapa ni wale wanaonunua dikoda ndogo ya ampea 1, iliyotengenezwa kwa treni za mezani, kisha wanaifunga kwenye treni kubwa. Injini kubwa yenye mota mbili, ikipanda mlima na mabehewa sita, inaweza kuvuta ampea 2 au zaidi. Dikoda inatoa moshi ambao haukuwa sehemu ya mchezo. Pima kwanza: injini ikivuta mzigo wake wa kawaida, ampea ngapi? Kisha nunua dikoda ya karibu mara mbili ya hapo. Hesabu hiyo hiyo ni ya bodi ya kuamrisha, maana ile ya kawaida ya Arduino yenye chipu ya L298 inaishia ampea 2 kwa kila njia.

Watu, magari na vya kuchapisha

Magari ya mfano ya 1:24 yako kila mahali na yanakaa vizuri pembeni ya treni za 1:22.5. Watu wa pakiti za Kichina mara nyingi ni wa 1:25 au 1:30. Wa kwanza wanafaa, wa pili waweke mbali, nyuma ya stesheni, watasaidia kuonyesha umbali.

Wenye printa za 3D huchapisha milango, mapipa na hata mabehewa mazima. Kwa bustani, jihadhari na plastiki ya PLA. Inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na behewa jeusi likiachwa kwenye jua kali linafika huko bila shida. PETG na ASA zinastahimili zaidi.

Viungio havina makuu. LGB hutumia kitanzi na ndoano, Wamarekani wengi wanapenda viungio vya ngumi vya Kadee. Chagua aina moja kwa treni nzima. Na gia za plastiki zipakwe grisi iliyoandikwa kuwa ni salama kwa plastiki. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu si ya humo.

Kabla ya kubonyeza "nunua"

Bei ya kwenye tangazo si bei ya mwisho. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya euro 22 tangu Julai 2021, na Marekani ilifuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vidogo vya China mwezi Mei 2025, kisha vya nchi nyingine Agosti mwaka huo. Kipuri cha dola tatu kikiongezwa usafiri na kodi kinaweza kulingana na cha duka la karibu, ambalo angalau unaweza kurudisha.

Picha ya tangazo iwe na vipimo. Muuzaji asiyetaja kipenyo, volti au ampea, muulize, na asipojibu mwache. Agiza kimoja cha kujaribia kabla ya kuagiza ishirini. Betri zinunuliwe ndani ya nchi unapoishi, kwa kuwa usafirishaji wa lithiamu kwa ndege una masharti makali na wanaoyakwepa ndio wale wale wenye feki.

Na uchague vizuri treni ya kujifunzia. Stainz, injini ndogo ya LGB iliyoanza nayo mwaka 1968 kwa kuiga injini ya Austria ya mwaka 1892, imeuzwa kwa wingi na inapatikana kwa mtumba bila tabu, hivyo ukiitoboa tundu la waya hakuna anayelia. Injini adimu iliyo bado kwenye boksi lake ni habari nyingine: ikishatobolewa, mnunuzi wa makusanyo hatoi tena bei ile. Kwa vyovyote, magurudumu, balbu na skrubu za asili ziwekwe kwenye mfuko wenye jina la injini, ndani ya boksi lake.